Spika Haitoki Kwangu Kabla Iimbe Gregory Porter

Nikimaliza kutengeneza spika ya mtu siipimi na hizi ngoma za kugonga. Najua wateja wengi hapa soko la Kibuye, Kisumu, wanataka hivyo, mtu anataka besi imsukume kifua, alipe, abebe kitu yake aende. Mimi nachomeka flashi moja ya bluu, imezeeka hadi maandishi yamefutika, naenda wimbo wa tano, nazima feni, naomba wale wamekaa kwa benchi wanyamaze dakika moja. Wimbo unaitwa Hey Laura. Ni mwanaume amesimama kwa mlango wa mwanamke usiku sana, ameshapiga kengele, anaomba radhi kwa kuja saa hiyo lakini kuna kitu kinamsumbua na hakiwezi kungoja asubuhi. Sauti ni nzito, inatembea pole pole, ni kama inaongea tu, kama mtu ambaye hataki kuamsha watoto wa jirani. Ikitoka safi, spika imepona. Kukiwa na kitu kinakwaruza chini yake, hata kidogo, nachukua bisibisi naifungua tena, hata kama mwenyewe ameshatoa pesa mfukoni.

Albamu yenyewe ni Liquid Spirit ya Gregory Porter, Mmarekani mmoja mwenye mwili mkubwa na ile kofia yake ya kufunika masikio ambayo havui. Ilitoka Septemba 2013 chini ya Blue Note, lebo ya New York iliyoanza 1939 na ambayo watu wa jazz wanaitaja venye watu wa huku wanataja Gor Mahia. Nyimbo ni 14, takriban saa nzima, na karibu zote ameandika yeye, tatu tu ndio za watu wengine. Januari 2014 ikabeba Grammy ya albamu bora ya jazz ya kuimba. Hayo yote nilikuja kuyajua baadaye. Nilipoisikia mara ya kwanza sikujua jina la mtu wala jina la albamu, faili zilikuwa zimeandikwa namba tu, 01 mpaka 14.

Flashi haikuwa yangu. Mwaka 2017 mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliniletea homu thieta yake kutoka Migosi, wufa, ile spika kubwa ya besi, ilikuwa imeanza kutoa sauti kama mtu mwenye kikohozi. Akaiacha. Nikiifungua nikakuta flashi imesahaulika kwa tundu lake. Sasa mtu akikuachia kitu chake hivyo unaweza kuitoa uiweke kando, lakini nilihitaji muziki wa kupimia na ya kwangu ilikuwa imechukuliwa na kijana ninayefanya naye kazi, nikaacha tu iendelee. Nilikaa na hiyo sauti wiki tatu, maana mwalimu hakurudi haraka. Wiki ya kwanza niliicheza kwa sababu ya kazi. Wiki ya pili nikaanza kufika mapema, kabla ya wale wa fanicha waanze kupiga misumari, ndio niisikie vizuri.

Aliporudi nikamwambia ukweli, mwalimu, flashi yako nimeitumia sana, pole. Akanitazama juu ya miwani venye walimu wanakutazamanga. Akaniuliza, "Umependa gani?" Nikasema wa tano, ule wa usiku mlangoni. Akasema sawa, kijana wangu aliniwekea akiwa likizo, nyumbani ninayo nyingine, kaa na hiyo. "Lakini sikiliza wa kwanza na masikio yote mawili. Wewe ni fundi, utauelewa kuliko mimi." Nikafikiri ni maneno tu ya upole. Nilikuja kuelewa alichomaanisha miaka miwili baadaye na nitafika hapo.

Wacha kwanza nieleze kwa nini sauti ya huyu mtu inapima spika, juu watu huniuliza. Ngoma nyingi za siku hizi zimejaa besi huku chini na ting ting huku juu, pale katikati wameacha kama uwanja mtupu, na pale katikati ndipo sauti ya binadamu inaishi. Spika inaweza kuwa mgonjwa kabisa na besi ipige tu, bum bum bum, usigundue kitu. Porter ni baritoni, sauti ya mwanaume ya katikati kuelekea chini. Kwa hizi homu thieta za nyumbani, maneno yake ya chini kabisa yanaangukia pale pale wufa inapopokezana na zile spika ndogo, na kama mmoja kati yao hafanyi kazi yake unasikia sauti inaruka, kama mtu amekanyaga ngazi iliyovunjika. Alafu chini yake kuna ile besi kubwa ya kusimama, ya mbao, anaipiga Aaron James kwa vidole, na kila noti ina mwanzo na mwisho wake, haijavimba. Ule mpira wa kuzunguka koni ukiwa umeoza, na hapa Kisumu na hili joto na unyevu wa ziwa unaoza haraka sana, noti za besi zinatoka na nywele. Koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, ikiwa imeungua kidogo ikajikunja, inagusa sumaku, unasikia krr krr, na krr hiyo huisikii kwenye wimbo wenye kelele. Unaisikia pale mtu amenyamaza kidogo kati ya maneno mawili.

Na huyu mtu anajua kunyamaza. Hilo ndilo lilinishika. Chip Crawford kwa piano anaacha nafasi, Emanuel Harrold kwa ngoma kuna mahali ni kama anagusa meza tu, na Porter anaingia akiwa tayari, hakimbilii noti. Kuna waimbaji wenye sauti kubwa wanataka ujue wana sauti kubwa kila mstari. Huyu ana sauti ya kujaza uwanja wa Moi bila maiki na anaitumia kukuambia kitu karibu na sikio. Ukitaka kujua ile nguvu iko wapi ngoja mpaka wimbo wa kumi na tatu, When Love Was King, ni kama hadithi ya mfalme ambaye alikuwa mapenzi yenyewe, anainua walio chini, na sauti inapanda ngazi moja moja mpaka spika ikiwa na koni dhaifu naogopa kuuacha ufike mwisho.

Nilipoanza kusoma habari zake nikampenda zaidi. Alizaliwa California mwaka 1971, akakulia Bakersfield, mama yake alikuwa mhubiri na ndiye alimlea, baba hakuwa mtu wa kuwepo. Utotoni alikuwa anasikiliza rekodi za Nat King Cole za mama yake na ile sauti ndiyo ikawa kama ya baba. Mwili ule ulimpeleka chuo kikuu San Diego kwa skolashipu ya mpira wao wa Marekani, ule wa kubebwa mkononi, alafu bega likaumia na mpira ukaishia hapo. Mama akaugua saratani. Na kabla hajafa alimwambia kijana wake aimbe, asiache kuimba. Lakini usifikirie aliamka kesho yake akawa staa. Alihamia Brooklyn, akawa anapika kwenye mkahawa wa ndugu yake, usiku anaimba. Albamu ya kwanza, Water, ilitoka 2010 akiwa na miaka 38. Ya pili, Be Good, 2012. Liquid Spirit ni ya tatu. Nikiisikia naskia mtu ambaye amekata vitunguu miaka mingi akiimba chini chini, na hakuna shule inafundisha hiyo.

Sasa mzee wangu. Baba yangu yuko nyumbani Maragoli, juu kidogo ya Mbale, na ndiye alinipa ugonjwa wa spika kwa sababu redio yake ilikuwa inakufa kila mwezi na mimi ndiye nilikuwa natumwa kushika waya. Kwa baba neno jazz lina maana moja. Jazz ni Shirati Jazz ya Owino Misiani, jazz ni OK Jazz ya Franco, jazz ni Tabora Jazz na Morogoro Jazz. Yaani jazz ni magita. Hizo bendi zote zilijiita jazz miaka ile na hakuna aliyekuwa anacheza kitu Mmarekani angekiita jazz, ilikuwa benga, ilikuwa rumba, lakini neno lilikuwa na heshima, lilimaanisha tuna vyombo, tuna suti, tunajua kazi yetu. Mara ya kwanza nilimpelekea hii albamu alisikiliza nyimbo tatu bila kusema kitu, amekunja mikono, alafu akauliza, "Sauti nimeipenda. Gita liko wapi?"

Nilijaribu kumweleza. Nikamwambia baba, huyu piano ndio gita yake. Hakukubali. Na kusema ukweli swali lake limekaa na mimi, kwa sababu ukikulia huku masikio yako yanangoja lile gita la kwanza lianze kukimbia na wimbo uchangamke, na hapa halikimbii, unabaki na mtu na maneno yake. Kitu cha karibu zaidi nilichopata kwetu ni Ayub Ogada na nyatiti yake, kile kinubi cha Wajaluo, kwa wimbo wake Kothbiro, ambapo mvua inakuja na yeye hapandishi sauti kabisa. Nilimchezea baba hiyo pia. Akasema huyu sawa, huyu ana nyuzi.

Agosti 2019 baba alianguka bafuni asubuhi. Presha. Mkono wa kushoto ukakataa, mdomo ukavutika upande mmoja, tukajua ni kiharusi. Alilazwa siku tisa. Aliporudishwa nyumbani alikuwa anaelewa kila kitu lakini maneno yalikuwa yanatoka yamelowa, anakasirika, analia, mtu ambaye sijawahi kumwona akilia. Nilifunga kibanda nikapanda gari Kondele, Kiboswa, Majengo, mpaka Mbale, na nikakuta boma limejaa watu wa kuja kuona mgonjwa.

Usiku wa pili bundi akalia juu ya jikoni ya zamani ya mama.

Kama umekulia huku sihitaji kukueleza. Kama hujakulia, ni hivi: bundi akilia juu ya nyumba yenye mgonjwa hakuna mtu anasema kitu lakini kila mtu ameshasikia. Shangazi alianza kuomba kwa sauti. Usiku wa tatu akalia tena, na sio ile huu-huu ya hadithi, ilikuwa sauti ya kitambaa kipya kikipasuliwa kwa nguvu, inakupitia mgongoni. Asubuhi yake watu walikuwa wanaongea wamesimama wawili wawili. Nilisikia mtu, sitasema ni nani, anauliza kwa simu bei ya kukodisha tenti na viti mia moja. Baba alikuwa amelala hatua kumi kutoka hapo, dirisha wazi, na masikio yake hayakuwa yamepata kiharusi.

Ndugu yangu mkubwa alikuwa amepanga mawe kwa ukuta na manati mkononi, anangoja giza. Mimi na yeye hatukuwa tunaongea. Mambo ya mpaka wa shamba, kile kipande cha chini karibu na mto, miaka miwili tunasalimiana kwa kichwa tu, na mama alikuwa amechoka kutubembeleza. Nilikaa kwa gari la jirani, nikaweka ile flashi, sikutaka kusikia maombi wala tenti. Wimbo wa kwanza ukaanza. No Love Dying.

Nilikuwa nimeusikia labda mara mia mbili. Lakini siku hiyo ndio niliusikia. Mtu anasema hapa kwangu hakuna mapenzi yatakufa. Alafu anachukua zile dalili mbaya zote ambazo watu wa kwao wanaziogopa, kumbe na wao wanazo kama sisi, anazishika moja moja. Ndege ameingia ndani kupitia dirisha, na kwao ndege akiingia nyumbani ni kifo. Yeye anasema yule ndege alipotea njia tu, alikuwa amevunjika bawa, nikamtibu, akaruka akaenda. Kioo kimeanguka kutoka ukutani kikavunjika, mkosi. Anasema kioo kilikuwa kimekaa kwa msumari wenye kutu.

Msumari wenye kutu! Mwalimu aliniambia mimi ni fundi nitauelewa. Ndiyo kazi yangu yote hiyo, mtu ananiletea redio anasema imelogwa, ilikuwa inapiga jana na leo imenyamaza, kuna jirani aliishika, na mimi naifungua naona waya moja imetoka kwa mahali pake, naishika na koleo, naichoma risasi, inaongea. Miaka yote nafanya hivyo kwa redio za watu na hapo nyumbani kwetu nilikuwa nimekaa ndani ya gari naogopa ndege.

Nikatoka nikatafuta ngazi. Ngazi ya kwetu ni ya miti, imefungwa na waya, mguu mmoja mfupi, haipandwi bila mtu wa kushika. Nikasimama nayo pale. Ndugu yangu akaniangalia, nikamwangalia. Akaweka manati mfukoni akaja akashika ngazi, hakusema neno.

Ile jikoni haipikwi tena, tangu mama ajengewe nyingine imekuwa stoo. Ukutani juu, pale mabati yanakutana na udongo, kuna mwanya wa kupita mkono mzima. Nikamulika tochi ya simu. Kitu kilinikemea, sssss, kama sufuria ya presha, nusura niachie. Alafu nikaona sura mbili nyeupe, bapa, zenye umbo la moyo, na miili yenye manyoya kama pamba iliyochambuliwa vibaya. Makinda. Mawili, yamesukumana kwa kona, yanaogopa mimi kuliko mimi ninavyoyaogopa. Pembeni yao kuna vidonge vyeusi vyeusi vya urefu wa kidole, nikavunja kimoja kwa kucha, ndani manyoya ya kijivu na mifupa midogo midogo na fuvu zima la panya lenye meno yake ya njano. Nikamulika chini. Mahindi. Tulikuwa tumevuna mwezi ule na magunia yote yalikuwa yamerundikwa mle, panya wamekula kona ya kila gunia, unga unga umemwagika kwa sakafu na njia zao zimechorwa mle kama barabara.

Basi ndio hivyo. Mahindi yakaleta panya, panya wakalisha bundi, bundi akazaa, na makinda yakiwa na njaa mama yao analia usiku akizunguka kutafuta. Ameanza kulia pale labda tangu Julai, lakini Julai hakukuwa na mgonjwa na hakuna aliyekuwa macho saa nane usiku kumsikia.

Nilishuka nikamweleza ndugu yangu. Akapanda yeye mwenyewe kuangalia, nikashika ngazi. Alikaa huko juu muda mrefu. Akashuka akasema tu, "Ni wawili." Alafu akaenda akatawanya yale mawe ya kwa ukuta, mguu kwa mguu.

Tukaingia kwa baba pamoja, jambo ambalo halikuwa limetokea siku nyingi. Nikamwambia baba, ni panya. Kuna bundi amezaa kwa jikoni ya mama kwa sababu ya panya za mahindi. Baba akatutazama mmoja, akatazama mwingine, upande wa mdomo uliokuwa mzima ukapanda. Alisema kitu ambacho hatukushika, akarudia, akarudia tena, mara ya tatu tukasikia: "Lete paka."

Sitaki mtu asome hapa afikirie nasema wimbo ulimponya mzee. Dawa za presha ndizo, na yule kijana wa mazoezi aliyekuwa anakuja mara mbili kwa wiki kumkunja mkono, na mama. Leo anatembea na fimbo, mkono wa kushoto unashika kikombe lakini haushiki jembe. Ninachosema ni kwamba nyumba yenye mgonjwa inaweza kumzika mtu kabla ya wakati kwa macho tu, kwa kunong'ona, kwa kuuliza bei ya viti, na mgonjwa anaona. Siku ile macho ya boma yalibadilika. Shangazi aliacha kuomba kama mtu anayefukuza, akaanza kumpikia baba uji.

Wimbo wa pili ndio ulibeba jina la albamu na huu una mambo yake. Unaanza na makofi, makofi ya kanisani kabisa, ukiwahi kuwasikia watu wa kanisa la Nineveh Jumapili pale Vihiga wakitembea na kanzu zao nyeupe na ngoma utajua miguu inaenda wapi. Anasema mito iliyogeuzwa njia irudishwe, maji yaliyozuiwa yaachiliwe, kuna watu huko chini wana kiu. Huko ng'ambo labda wanaisikia kama roho tu, na ni roho pia, mtoto wa mhubiri anajua anachosema. Lakini ucheze huo wimbo Kisumu. Tuna ziwa kubwa kuliko yote Afrika hapo chini, ukisimama barabarani unaliona linang'aa, na mimi asubuhi nanunua maji ya mtungi wa lita 20 kutoka kwa mtu wa mkokoteni kwa sababu mfereji umekauka siku ya nne. Kila nikifika pale pa watu wenye kiu huko chini nafikiria mitungi ya njano imepanga foleni Manyatta.

Alafu kuna upande mwingine, na huu nilipewa na mteja wangu mmoja wa Budalang'i. Nilikuwa namchezea, nikamtafsiria maneno, akanyamaza kisha akasema kwao hakuna mtu anaweza imba maji yaachiliwe, maana mto Nzoia ukivunja tuta wanahama na magodoro kichwani. Na mwaka 2020 wakati ziwa lenyewe lilipanda likaingia mpaka Dunga, maji yakiwa ndani ya mahoteli ya samaki, nilimkumbuka sana. Nadhani wote wawili wako sawa, mwimbaji na mtu wa Budalang'i, kwa sababu hata mafuriko ukifuatilia utakuta kuna mahali mto ulinyimwa njia yake.

Huo wimbo pia una rimiksi, aliifanya DJ mmoja wa Ujerumani anaitwa Claptone, yule anavaa kinyago cha dhahabu chenye mdomo wa ndege. Hiyo nimeisikia kwa matatu za Kondele, vijana wanatingisha vichwa, na siichukii, makofi yamebaki na sauti imebaki. Ila ile kiu imepungua. Ukiupenda huo wa matatu tafadhali tafuta wa kwanza.

Si kila kitu kwenye albamu kinanigusa sawa. Kuna zile za katikati kuelekea mwisho ambazo napitisha nikifanya kazi bila kuinua kichwa, na The "In" Crowd, ambayo ni wimbo wa zamani wa miaka ya sitini, ni nzuri kwa kupima twita tu, zile spika ndogo za sauti za juu. Musical Genocide napenda hasira yake, mtu anakataa muziki wa roho na bluzi uuawe, ndio mahali pekee anakaribia kupiga kelele. Lakini ule wa nne, Water Under Bridges, huo siuchezi na wateja wakiwepo. Piano na sauti, basi, hakuna mtu mwingine. Mwanaume anakumbuka mtu aliyeachana naye, na anasema hata siku zetu mbaya kabisa zilikuwa afadhali kuliko huu upweke. Hapo hakuna msumari wa kubadilisha. Kuna redio huwa zinakuja kwangu nazifungua nakuta bodi imeungua yote, nyeusi, harufu tu, naifunga tena na skrubu zake zote nne na kumrudishia mwenyewe bila kumdai kitu. Huo wimbo ni hivyo.

Mwezi mmoja baada ya ile siku ya ngazi nilikuwa hapa Kibuye napaka gundi mpira wa koni, ile gundi ukianza huwezi simama, unazungusha na kijiti mpaka ufike ulipoanzia. Simu ikalia. Ndugu yangu. Hakuwa amenipigia simu tangu 2017. Nikaweka simu sauti kubwa nikaendelea kuzungusha. Alisema, "Wale ndege wameruka." Nikauliza wote wawili? Akasema wote wawili, jana jioni, mmoja alianza akarudi, alafu wakaenda. Kisha akaniambia mama anasalimu, akakata. Habari ya shamba hatukugusa na mpaka leo haijaisha vizuri, kuna mambo ya karatasi bado.

Jumapili iliyopita, siku ya soko kubwa, nilikuwa nimezungukwa na watu nikaona mtu amesimama nyuma yao amebeba spika moja ya mbao kwa bega, ile kubwa ya kizamani ya sebule ya baba. Ndugu yangu. Alikuwa ametoka nayo Mbale asubuhi kwa matatu. Akaniambia mzee amesema inakwaruza. Nikaifungua, koili ilikuwa imehama kidogo tu, dakika arobaini nikawa nimemaliza, na yeye alikaa kwa benchi muda wote na chai, anaangalia mikono yangu. Nikachomeka flashi, nikaenda wa tano kama kawaida.

Akauliza, "Ndio yule mtu wa ndege?"

Nikamwambia ndio yeye.

"Basi rudisha mwanzo," akasema, na akasogea kwa benchi akaacha nafasi ya mtu kukaa.